Sikio la Injini

Mwalimu Vitalis wa fizikia alikuwa na gari moja na hoja moja, na vyote viwili alivipenda kupita kiasi. Gari lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, lenye turbo, na juu ya boneti lilikuwa na tundu la kuvutia hewa ambalo watoto wa kijiji cha Bashay waliliita pua. Hoja ilikuwa hii: gari la namna hiyo halinyweshwi petroli ya kawaida. Ukitaka kumwona Vitalis akiacha chai yake ipoe, mwambie kwamba petroli zote ni sawa.

Aliyependa kumwambia hivyo ni Julius, mwalimu wa kemia, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi Mbulu na ambaye hadi leo hajaizoea baridi yake. Walibishana ofisini karibu kila mapumziko.

"Okteni siyo nguvu, ni uvumilivu," Julius alisema, mikono yote miwili ikiwa imekumbatia kikombe. "Petroli ya premium inavumilia kubanwa bila kuwaka kabla ya wakati. Kama injini yako haibani sana, umetupa hela."

"Yangu inabana. Ina turbo. Turbo inaisukumia injini hewa, hewa ikibanwa inachemka, na petroli dhaifu ikikutana na joto lile inawaka yenyewe kabla cheche ya plagi haijafika. Hapo ndipo injini inaanza kugonga."

"Na gari lako si lina sikio? Umetuambia mwenyewe. Likisikia injini inagonga linapunguza nguvu, linajiponya. Mlimani utachelewa kidogo, basi. Hutakufa."

Sikio hilo lilikuwepo kweli. Ni kifaa kidogo, kama kifungo cha koti, kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, na kazi yake ni kusikiliza tu. Injini ikigonga ndani kwa ndani, hata kwa mlio mdogo ambao dereva hawezi kuusikia, kifaa kile kinaiarifu kompyuta ya gari, na kompyuta inaipunguzia injini nguvu kabla haijajiumiza. Vitalis alijivunia sikio hilo utadhani alilitengeneza yeye.

Kitu ambacho hakuwahi kukisema ofisini ni kwamba gari lake lilipoteza nguvu yote mahali pamoja tu.

Yeye na mkewe Agatha waliishi bondeni, kwenye kiwanja walichopewa na baba yake Agatha, Mzee Akonaay. Kwenda popote, iwe shuleni, sokoni au hospitali, ilibidi wapande kilima kwa barabara moja ya udongo mwekundu hadi kwenye barabara kuu. Pale chini, kwenye mwinuko mkali kabisa, gari lilipanda likiimba. Lakini juu kidogo, mahali ambapo kilima kinalegea na hata mzee mwenye baiskeli hashuki kusukuma, injini ilikata pumzi. Alikanyaga mafuta, haikuitika. Mbele kidogo nguvu ilirudi yote, kana kwamba hakukuwa na lolote.

Ilianza Machi ya mwaka jana. Mwanzoni Vitalis alilaumu petroli ya chupa. Kule bondeni petroli inauzwa dukani kwenye chupa za maji ya kunywa, na mara nyingine inanuka mafuta ya taa waziwazi, kwa hiyo hakukosea kuishuku. Alilipeleka gari kwa Gidion, fundi wa Katesh. Gidion akapima, akabadili plagi, akasafisha kila alichoweza kukifikia, kisha akakuna kichwa.

"Ticha, injini ni nzima," alisema. "Sikio linasikia kitu. Linasikia nini, mimi sijui, nisikudanganye. Jaribu mafuta mazuri."

Akamuuzia na kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu. Kwenye simu ilionekana namba. Ikikaa kwenye sifuri, sikio halijasikia kitu. Ikishuka chini ya sifuri, limesikia injini ikigonga.

Basi Vitalis akaanza kuyafuata mafuta mazuri Babati, kwenye sheli moja inayouza premium, akijaza tangi na dumu juu yake. Safari yenyewe ilikula mafuta ya kutosha, jambo ambalo Julius hakuchoka kumkumbusha. Lakini tuseme haki, mafuta yale yalisaidia. Gari likawa jepesi. Milima ya kwenda Mbulu mjini ililainika, namba kwenye simu ikatulia kwenye sifuri asubuhi hadi jioni. Ilitulia kila mahali isipokuwa pale kilimani. Na sasa jambo lilikuwa baya zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu zamani aliweza kusema gari zima limechoka. Petroli ya Babati ilikuwa imeinyamazisha injini kotekote, na mahali pamoja palipobaki pakaonekana wazi.

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama Agatha asingekuwa mjamzito. Alikuwa ameingia mwezi wake, masika yameanza, na mkunga alishamwambia kwamba akisikia uchungu tu asikae nyumbani hata kidogo, kwa sababu uzazi uliopita ulikuwa mbaya. Barabara ni ile moja. Gari ni lile moja. Vitalis alilala na swali hilo na kuamka nalo: siku ikifika, gari litapita pale, au litazimika na mkewe akiwa ndani?

Chini ya barabara, mahali pale, kulikuwa na nyumba.

Wazee wa Kiiraqw, kabila la kina Agatha, walizichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima. Paa lilifunikwa udongo, majani yakaota juu yake, likawa sawa na ardhi, ili adui akija apite bila kujua kwamba chini ya miguu yake kuna watu wanapika. Nyumba hii ilikuwa ya Bibi Rahel, mama yake Mzee Akonaay. Watoto wake walipojenga za bati bondeni yeye hakuhama. Na kwa kuwa njia za mbuzi na watu zilizoea kukatiza juu ya paa lake, alijiwekea desturi yake mwenyewe. Akisikia mguu juu, anachukua mchi na kugonga boriti kwa chini. Maana yake, nani huyo juu? Mtu wa juu husimama, hujitaja jina lake na la baba yake, kisha hupita. Akishajitaja mara moja, siku nyingine hagongewi. Watu husema bibi yule alimjua kila mtu wa bonde lile kwa mguu wake.

Alifia mle ndani, mzee sana. Wanawe waliziba mlango kwa mawe na udongo, hawakubomoa. Miaka ilipita, greda likaja kuchonga barabara, likapita juu yake. Boriti za mti wa zamani zilikuwa imara, hazikubonyea. Familia haikugomba na greda. Waliendelea tu na desturi yao, na mgeni yeyote aliyeingia katika ukoo alisimamishwa pale ajitaje.

Vitalis naye alisimamishwa, siku alipokuja kuposa. Mzee Akonaay alimshusha garini, akamwonyesha ardhi kwa fimbo, akamwambia aseme. Vitalis alisema, "Mimi ni Vitalis, mtoto wa Nicodemo, natoka Bukoba." Alisema kwa adabu zote, maana aliyeomba mke habishani, lakini ofisini alikigeuza kisa hicho kuwa kichekesho na akachekesha nacho watu kwa muda mrefu.

Nicodemo, baba yake, alifariki kabla ya harusi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kitu pekee alichowahi kumwomba mwanawe ni mjukuu mwenye jina lake. Vitalis aliliweka jina hilo moyoni kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza wa kiume, na hakumruhusu mtu kulitamka ovyo.

Machi ya mwaka jana Agatha alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wahudumu walihangaika naye kadiri ya uwezo wao. Hakuwa amevuta pumzi hata moja.

Agatha alibaki kitandani hospitalini. Vitalis aliendesha gari peke yake kurudi bondeni kuzika, mtoto akiwa amefungwa kwenye kitenge, amelazwa kiti cha nyuma. Mvua ilinyesha. Alifunga vioo vyote na kufungua redio kwa sauti ya juu, kwa sababu aliogopa ukimya wa kiti kile. Alipita kilimani kwa kasi. Shambani, kaburi dogo likiwa tayari, katekista aliuliza jina, na Vitalis akasema hana. Alikuwa amekaa nalo ulimini njia nzima. Lakini aliona akilitoa hapo litaingia ardhini na baba yake atakuwa amekufa mara ya pili. Aliamua kulitunza kwa ajili ya mtoto atakayeishi. Tusimhukumu. Mtu aliyefiwa huhesabu mambo kwa namna yake.

Watu walipotawanyika, Mzee Akonaay alimsogelea. "Ulipita juu ya nyumba?"

"Ndiyo, baba. Barabara ni hiyo moja."

"Mlipita wangapi?"

"Nilikuwa peke yangu, baba."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda kufunga mbuzi. Wiki ile ile gari lilikata pumzi kilimani kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye masika ya mwaka huu. Jumamosi moja mchana, jua likiwaka vizuri baada ya mvua ya asubuhi, Vitalis aliamua kumaliza ubishi. Tangi lilikuwa limejaa mafuta ya Babati. Alipanda kilima taratibu, akafika pale, akasimamisha gari katikati ya barabara, akatoa gia na kuvuta breki ya mkono. Injini ilinguruma polepole bila mzigo wowote. Injini ya namna hiyo, na petroli ya namna hiyo, haina sababu hata moja ya kugonga. Akaangalia simu.

Namba ilikuwa inashuka. Ilishuka, ikapanda, ikatulia kidogo, ikashuka tena, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

Lakini mwalimu wa fizikia hakimbilii woga kabla ya kumaliza jaribio. Alizima injini. Simu ikafifia, kwa kuwa gari likizimwa na sikio lake limelala. Akafungua mlango, akaweka mguu chini.

Kugonga hakukuzimika.

Alikusikia kwa unyayo kabla ya kukusikia kwa sikio. Kulitoka chini ya barabara, kuzito, kukavu, mti ukipiga mti. Kisha kukanyamaza, na katika kunyamaza kule kulikuwa na kitu kibaya kuliko mlio wenyewe, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba aliyenyamaza anasubiri. Mbuzi wa jirani waliokuwa wakila kando ya barabara walikuwa wameacha kula, wote wametazama ardhi. Jua lilikuwa linawaka vilevile. Kukagongwa tena.

Vitalis hakujua alivyoingia garini. Alijikuta barabara kuu, amepiga gia isiyofaa. Jumatatu Julius alipomuuliza premium inaendeleaje, alijibu kwamba inaendelea vizuri, na akainywa chai yake ikiwa ya moto. Julius alishangaa, maana hakuwa amezoea ushindi wa bure.

Jioni ile alikwenda kwa baba mkwe wake. Mzee Akonaay alikuwa anatia mpini jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Vitalis alikaa, akazungukazunguka kwa habari za mvua na maharage, kisha akaona hakuna njia ya kulisema jambo hilo ikasikika ya kisomi. "Baba, pale kilimani kunagongwa."

"Ndiyo," Mzee alisema.

"Baba unajua?"

"Tunajua wote. Agatha anajua. Wewe ulikuwa unaenda Babati kununua mafuta, tukasema tumwache amalize."

"Ni nani anagonga?"

"Mama."

"Anataka nini?"

Mzee aliugeuza mpini, akautazama kwa jicho moja kama umenyooka. "Mama alikuwa na swali moja tu. Aliuliza hilo hilo mpaka anakufa. Nani huyo juu."

"Mimi nilishajitaja, baba. Ulikuwepo."

"Wewe anakujua. Agatha amekua anapita pale." Aligonga jembe chini likae sawa. "Mengine siyo yangu kusema, mwalimu. Kwetu mtoto hutajwa kwa mdomo wa baba yake."

Vitalis aliaga. Njiani alijiambia kwamba mzee anazeeka. Nyumbani alijaza tangi hadi juu kutoka kwenye dumu, akaliegesha gari likitazama barabarani, na akamficha mkewe woga wake, naye mkewe akajifanya hauoni.

Uchungu ulimshika Agatha Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imeanza tangu kanisani na ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye mahindi, nje kweupe lakini hakuonekani kitu. Vitalis alimweka kiti cha nyuma na mito miwili. Agatha hakupiga kelele. Aliushika mkanda wa kiti na kusema tu, "Twende."

Mwinuko wa chini gari liliupanda vizuri, matairi yakichimba matope, turbo ikipiga mluzi, namba imelala kwenye sifuri. Hata sasa Vitalis husema kwamba kwa petroli ya dukani wasingeuvuka mwinuko ule, na huenda ni kweli. Kilima kililegea. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba pua ya gari haikuonekana. Aliomba Mungu kimoyomoyo na kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Namba ilianguka. Haikushuka kama siku zile, ilianguka, na injini ikaanguka nayo. Gari lilisogea, likasita, likatikisika, likazimika. Alizungusha ufunguo. Injini ilizunguka bila kushika. Alizungusha tena, na tena.

"Acha," Agatha alisema.

Kulikuwa na sauti ya mvua juu ya bati la gari. Na chini ya miguu yao, kupitia matairi na sakafu na zulia, kukagongwa. Agatha aliweka kiganja chake sakafuni.

"Mjibu, Vitalis."

"Agatha, hebu ngoja nijaribu..."

"Nimebeba hili tumbo juu ya kichwa chake miezi yote. Shuka umjibu."

Alishuka. Matope yalimfika kwenye vifundo. Alipiga magoti mbele ya gari, na aibu ya msomi aliyepiga magoti barabarani ikamtoka mara moja, kwa kuwa hakukuwa na nafasi yake. Alisema kwa sauti, "Bibi, ni mimi Vitalis, mtoto wa Nicodemo. Niko na mke wangu, Agatha wa Akonaay."

Akasubiri. Kukagongwa.

"Tuna mtoto tumboni," akasema. Walikuwa wamekubaliana kutomtaja huyu kabla hajalia. Hata nguo hawakununua. Lakini nyuma yake alimsikia Agatha akiuma meno kwa uchungu mpya, na akalitoa jina alilolificha kwa muda wote ule, akaliweka kwenye mvua. "Jina lake Nicodemo. Tunampeleka akazaliwe. Turuhusu."

Mvua ilinyesha, maji yakakimbia pembeni mwa magoti yake. Vitalis alianza kuinuka.

Kukagongwa tena, chini yake hasa, polepole, bila hasira. Na alipogeuka kumtazama mkewe kupitia kioo kilichojaa ukungu, aliona Agatha ameketi upande mmoja wa kiti cha nyuma, amejibana kwenye mlango, na tumbo lake lote lile. Upande wa pili ulikuwa wazi. Alikuwa amempisha mtu.

"Vitalis," Agatha alisema kupitia mlango uliobaki wazi. Hakuwa analia. "Mwaka jana ulimpitisha hapa. Ulimwambia baba ulikuwa peke yako."

Mambo yote yaliyokuwa yamefungwa ndani yake kwa mwaka mzima yakafunguka hapo hapo kwenye matope. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima wa Bukoba, bila kuficha uso. Aliona kitenge, aliona kidole kidogo kilichochungulia kwenye pindo na ambacho alikirudisha ndani bila kukishika sawasawa, akisikia redio ikiimba matangazo. Mwaka mzima mtoto wake alikuwa anaulizwa jina kila gari lilipompitisha pale, akiwa bado kwenye kiti kile cha nyuma, na hakuwa na la kujibu, kwa sababu baba yake alikuwa amelitunza kwa ajili ya mwingine. Na petroli ya Babati haikuwahi kuwa na dawa ya hilo.

"Bibi," alisema, paji la uso likigusa barabara. "Nilikosea. Nilipita hapa na mwanangu. Nicodemo ni yeye. Ndiye wa kwanza. Ni Nicodemo, mtoto wa Vitalis, wa Nicodemo. Hakupata kupumua, lakini alikuwepo. Alipita hapa. Mpokee."

Kisha akakumbuka, na akamgeukia mkewe. "Na huyu?"

Agatha aliinua uso, akatazama mvua iliyokuwa inamiminika kwenye kioo. Kwao mtoto anayekuja na mvua ana jina lake tangu zamani. "Tluway," alisema. "Mwambie ni Tluway."

"Na huyu ni Tluway," Vitalis aliiambia ardhi.

Alisubiri akiwa amepiga magoti. Alisubiri hadi maji yakamlowesha kifuani. Chini hakukutoka kitu. Ule ukimya wa kusubiri nao ulikuwa umeondoka, umebaki ukimya wa kawaida wa udongo. Aliingia garini akazungusha ufunguo, injini ikashika mara moja. Agatha alikuwa amesogea katikati ya kiti, amenyoosha miguu. Walikwenda moja kwa moja hadi hospitali.

Tluway alizaliwa kabla giza halijaingia, akalia hadi mkunga akacheka.

Mabishano ya ofisini yaliisha vibaya kwa Julius, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kubishana naye. Vitalis alimwambia tu kwamba premium inafaa kwenye turbo, milimani hasa, lakini siyo kwa kila kugonga, kisha akamwomba sukari. Katekista alirudi shambani na msalaba mdogo wa mbao, na jina likaandikwa. Gari hupanda kilima chote bila shida, hata wiki ambazo Vitalis hana muda wa Babati na analijaza petroli ya chupa. Namba hucheza kidogo kwenye mwinuko wa chini, kama kwa gari lolote. Pale juu hukaa kwenye sifuri.

Lakini watu wa bondeni wamemwona mara kadhaa akirudi kutoka shuleni, amesimamisha gari mahali pale pale, amezima injini, amefungua mlango na kuweka mguu chini. Hukaa hivyo kwa muda. Agatha alimuuliza siku moja kama bado anaogopa kugongewa.

Vitalis alisema haogopi. Alisema anatamani agongewe mara moja tu, aulizwe ni nani aliyepita, apate sababu ya kulitaja tena lile jina.